Mawifi wa Cherehani

Watu wengi wanaamini kwamba mawifi wawili hawakai chumba kimoja, shari isiwe wa tatu wao. Hawa wawili walikaa, tena kwa miaka, na shari ilipita mlangoni kwao bila kupiga hodi.

Walikuwa mafundi wa nguo. Walipanga chumba cha mbele katika nyumba ya matofali, mkabala na karakana ya mchomelea vyuma, na cherehani zao zilitazamana chini ya dirisha, kiasi kwamba mmoja akiinua kichwa kutunga uzi anakutana na macho ya mwenzake. Mkubwa aliitwa Tarumbeta kwa sababu ya sauti yake. Salamu yake ya asubuhi ilimfikia kinyozi, nyumba ya tatu, na kinyozi aliitikia bila kutoka nje. Mdogo aliitwa Pindo, kwa kuwa hakuna aliyelaza pindo la suruali likalala kama lile lake.

Pindo alikuwa mke wa kaka yake Tarumbeta, dereva wa malori, aliyefariki kwa maradhi ya figo wakati binti yao angali anajifunza kusoma. Baada ya maziko ukoo ulitarajia mjane afunge virago arudi kwao. Tarumbeta alimfuata chumbani, akaketi juu ya lile begi lililokwisha kufungwa.

"Wifi," alimwambia, "mimi sina mume wala mtoto. Wewe mtoto unaye, mume huna. Tukijikusanya, tunapata nyumba."

Pindo alicheka huku machozi yanamtoka. Begi likafunguliwa, na tangu siku ile wakala sahani moja.

Walishona sare za shule, magauni ya harusi, suti za wachumba wenye haraka. Chumba hakikukosa watu. Mwenye kusubiri kipimo, mwenye kukimbia mvua, mwenye kugombana na mumewe akatafuta pa kupozea moyo, wote walipata benchi. Anayeumwa mtaani alijulikana pale kwanza, na aliyepata kazi alikuja kujisifu pale kwanza.

Kisha watu wakaanza kununua nguo kwa simu. Gauni linafika limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, makwapa yamebana, mgongo umejaa upepo, na mwenye nalo analileta likapunguzwe. Mafundi waliokuwa wakishona magauni wakabaki wakisahihisha makosa ya watu wasiowajua. Benchi nalo likapungukiwa na watu. Aliyekaa aliinamia simu yake, akachukua nguo yake, akaondoka bila hata kusema nani kazaa.

Binti wa Pindo alikuwa amemaliza chuo na kuzungusha vyeti vyake hadi bahasha ikachakaa. Kazi hakupata. Siku moja alisimika simu yake juu ya rafu ya vitambaa, akawaambia mama yake na shangazi yake wajifanye hawaioni. Akafungua akaunti mtandaoni. Jina lake lilitokana na kijana mmoja aliyechungulia mlangoni akitafuta intaneti, akauliza, "Hapa wifi ipo?" na Tarumbeta, ambaye kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu, akamjibu, "Wapo wawili. Unamtaka yupi?" Binti alicheka nusura aanguke. Akaunti akaiita Mawifi wa Cherehani.

Mwanzoni walifundisha kazi. Namna ya kutia zipu isijikunje, namna ya kugeuza kola. Waliotazama walikuwa ndugu, kinyozi, na mtu mmoja wa mbali aliyekuwa akiandika "safi" chini ya kila video, hata ile iliyorushwa kwa bahati mbaya ikionyesha sakafu tupu.

Mambo yaligeuka kwa ajili ya mkasi. Tarumbeta alimkuta Pindo akikatia karatasi ya ramani ya gauni kwa mkasi wa kitambaa. Kila fundi anajua kwamba karatasi inaua makali. Akanguruma. Pindo, bila kuinua macho, akasema, "Wifi, mkasi huu tulinunua wote. Hukuurithi." Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka Tarumbeta akashika ubavu.

Simu ya rafuni ilinasa yote. Binti aliirusha video ile, lakini aliikata kabla ya kicheko.

Kesho yake simu haikunyamaza. Watu waliitazama, wakaitumiana, wakaandikiana matusi juu yake. Wengine walimtetea mjane mpole anayeonewa. Wengine, wachache, walisema mkasi ni mkasi. Ndani ya siku chache akaunti ilikuwa na wafuasi wa kujaza mtaa mzima na mwingine.

"Zipu hawazitaki, mama," binti alisema. "Wanawataka nyinyi."

Basi wakawa wanapanga ugomvi. Binti aliwaandalia kisa, wao wakakifanyia mazoezi wakinywa chai. Mara Tarumbeta kamnyang'anya Pindo mteja, mara kamfungia mlango, mara kamwambia nyumba ni ya kaka yake. Mazoezi hayakuwa yakifika mwisho kwa vicheko. "Wifi, hapo unikodolee macho zaidi," Pindo alikuwa akisema, "leo umenitazama kama unayetaka kunikopesha." Fedha ziliingia kupitia simu. Kodi ya chumba ikalipwa kabla ya kudaiwa, ikanunuliwa cherehani ya umeme, na binti akapata taa kubwa ya duara iliyomulika chumba kama ukumbi wa harusi.

Lakini watazamaji hawakuwahi kuhudhuria mazoezi. Wao walimwona mwenye sauti na mwenye kunyamaza, wakagawana. Pindo walimwita Mama Mpole. Kwa Tarumbeta walikuwa na majina mengi, na mchawi lilikuwa ndilo la heshima.

"Hivi kwa nini lazima mimi ndiye niwe mbaya?" alimwuliza binti siku moja.

"Sikupanga mimi, shangazi. Wao ndio wamepanga. Mwenye sauti ndiye mbaya."

Tarumbeta alicheka, akaendelea kushona. Kicheko kile kilimwisha kidogo kidogo. Sokoni, muuza nyanya aliyemuuzia miaka yote alimpa mgongo, akahudumia waliokuja nyuma yake. Kwenye foleni ya zahanati mwanamke asiyemjua alimgeukia akamwambia amwache mjane wa watu apumue. Mtaani nako hakukuwa na nafuu. Mchomelea vyuma, ambaye zamani akisikia sauti imepanda angevuka barabara kuuliza kulikoni, sasa alizima mashine yake na kuwasha simu, apate kusikiliza kwenye kioo sauti iliyokuwa ikimfikia kupitia mlango.

Kilichomvunja ni kikundi cha akina mama. Tarumbeta alikuwa ndani yake tangu kilipoanzishwa. Kwenye msiba yeye ndiye aliyesimama jikoni, kwenye harusi yeye ndiye aliyepanga viti na kutukana waliochelewa. Mwenyekiti, mama mtu mzima aliyevalishwa na mikono ya Tarumbeta tangu ujana wake, alimwita pembeni akamwomba apumzike kwa muda.

"Dada, wewe unanijua," Tarumbeta alimwambia.

"Nakujua," mwenyekiti alijibu, akitazama chini. "Lakini tumeona."

Jioni ile hakutaka mazoezi. Alivua kipimo shingoni, akakizungusha vidoleni.

"Wifi, nimechoka kuwa mbaya. Tuache."

Pindo alikuwa akikunjua kitambaa alicholetewa zawadi na mtazamaji. Watu walimletea viatu, walimpigia simu kumwombea dua, wanawake asiowajua walimwita mama na kumsimulia ndoa zao. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote alikuwa wifi wa fulani, mjane wa fulani, mama wa fulani. Sasa alikuwa na jina lake mwenyewe.

"Ngoja kidogo," alisema. "Kuna kampuni ya sabuni inamzungukia mtoto, inataka tuitangaze. Wakisaini, tunaacha. Si maigizo tu, wifi? Mungu anaujua ukweli."

"Anaujua," Tarumbeta alisema. "Lakini Mungu haniuzii nyanya."

Hawakuacha.

Siku yenyewe ilikuwa ya kurusha moja kwa moja, mchana, watu wakitazama jambo linavyotokea. Kisa kilikuwa gauni la mteja lililoungua kwa pasi, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Asubuhi binti alikuwa amependekeza kitu kingine. "Mama, mguse kwenye uzazi," alisema baada ya shangazi yake kutoka kwenda kuchota maji. "Kila siku wanauliza kwa nini hana mtoto." Pindo alitikisa kichwa, akamkemea asirudie tena.

Wakaanza. Gauni likarushwa huku na huku. Lakini watazamaji walikuwa wameshalizoea gauni, na binti, akiwa nyuma ya simu, aliona wanapungua. Akamtazama mama yake, akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe.

Pindo alisita. Kisha, kwa ile sauti yake ya chini iliyopendwa na watu, akasema, "Nisamehe tu, wifi. Huruma utaijulia wapi? Mti usiozaa haujui uzito wa tunda."

Mguu wa Tarumbeta ulisimama juu ya pedali.

Tarumbeta aliwahi kuolewa. Mimba zilimharibikia moja baada ya nyingine hadi mume akaenda kutafuta kwingine, na mtaani hakuna aliyejua zaidi ya Pindo. Mashuka yale, Pindo ndiye aliyeyafua, tena alikwenda kuyaanika uani kwa watu wengine ili majirani wasiulize.

Zawadi za watazamaji zilimiminika kwenye kioo, maua na mioyo ikipanda kama mapovu. Tarumbeta hakupandisha sauti. Kwa mara ya kwanza tangu akaunti ifunguliwe alizungumza taratibu, hata waliokuwa wakitazama wakaanza kuandika kwamba hawamsikii.

"Kweli, uzito wa tunda siujui," alisema. "Najua uzito wa kaka yangu. Nilimwinua mwenyewe kitandani, wakati roho inatoka, anauliza mke wake yuko wapi. Wewe unakumbuka ulikuwa wapi?"

"Wifi," Pindo alisema.

"Ulisema umechoka. Ulisema unakwenda kwa dada yako kulala usingizi wa siku moja. Siku ikawa mbili, zikawa nne. Simu hukupokea. Ukoo walipouliza nikawaambia nimekutuma mji wa pili kutafuta dawa. Nilidanganya mbele ya maiti ya ndugu yangu, wasikufukuze, wasikunyang'anye mtoto. Mtoto mwenyewe huyo hapo."

Binti hakuishusha simu. Alisimama mlangoni, mkono umenyooka, uso umemkauka, na kitu pekee kilichosikika chumbani kilikuwa mashine ya mchomelea vyuma inayozimwa ng'ambo ya barabara. Kisha alinong'ona:

"Mama, wanasubiri. Jibu."

Pindo alitoka kwa mlango wa nyuma bila viatu.

Kufikia jua kuzama, hapakuwa na mtu mtaani ambaye hajaiona. Mioyo ile ile iliyompenda Mama Mpole ikamgeuka. Sasa yeye ndiye muuaji, na Tarumbeta ndiye mtakatifu aliyebeba siri. Ba'mkubwa wa ukoo alimpigia Pindo simu, akamwambia asikanyage tena makaburini kwao, akakata. Waliomletea viatu waliandika kwamba wanavitaka. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alikwenda kwa Tarumbeta na wenzake watatu, wamevaa vizuri, kumrudisha kundini. Tarumbeta aliwasikia wakigonga, akawajua mmoja mmoja kwa sauti zao, akaendelea kuketi kitandani hadi wakaondoka. Alikuwa amehamia chumba cha peke yake, mtaa wa nyuma. Cherehani yake ya miguu aliibeba kwa mkokoteni. Ile ya umeme hakuigusa.

Pindo alipoweza kuzungumza na binti yake, alimwuliza jambo moja tu.

"Unasikia habari za kufa kwa baba yako, na bado unanishikia simu usoni?"

Binti alikuwa akikunja waya za ile taa ya duara. Mikono yake ilitulia.

"Ningeishusha, mama, ningezisikia peke yangu," alisema.

Wiki iliyofuata alihama na taa yake. Akaunti ilikuwa kwa jina lake, ikaenda naye.

Na kampuni ya sabuni ikasaini. Ugomvi haukuwatisha. Kinyume chake, walieleza kwamba sasa kuna kidonda, na watu wanataka kuona kikipona. Walitaka mawifi wapatane mbele ya kamera, wafue nguo pamoja kwenye beseni moja, kisha wakumbatiane. Binti alikwenda kwa shangazi yake kwanza. Tarumbeta alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama yako amekubali?"

"Amekubali."

"Kwa ajili ya fedha au kwa ajili yangu?"

"Kodi imemshinda, shangazi," binti alisema. "Wateja hawaji. Wanaokuja wanataka kupiga naye picha, kisha wanaandika matusi chini yake."

Tarumbeta naye kodi ilikuwa imemshinda. Alikubali.

Walikutana katika chumba kile kile cha zamani, kilichopakwa rangi mpya na watu wa kampuni ili kionekane cha zamani zaidi. Mpiga picha alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Aliwaita mama, akawaonyesha pa kusimama, akawaambia wasitazame kamera. Walifua. Povu lilikuwa jingi kuliko nguo. Walipoambiwa wakumbatiane, walisogeleana kama watu wanaopishana kwenye mlango mwembamba.

Mikono ilipokutana mgongoni, Pindo alisahau kamera. Labda ilikuwa harufu ya yule mtu, mafuta ya cherehani na mvuke wa pasi, ambayo alikuwa ameiishi miaka yote. Aliuweka mdomo kwenye sikio la Tarumbeta akanong'ona, "Wifi, nisamehe. Niliogopa kumwona akifa. Niliogopa tu." Hakuna kisa kilichokuwa na maneno hayo. Hakuwahi kumwambia mtu. Vidole vya Tarumbeta, bila kuambiwa, vikabana mgongo ule mdogo.

"Hapo hapo," kijana alisema. "Mama, hiyo ni nzuri sana, lakini kinasa sauti hakikuinasa. Rudia kwa sauti kidogo. Na taa ilikuwa imekaa vibaya. Tuanze tena, mnasogeleana."

Waliachiana. Pindo alimtazama binti yake. Binti alikuwa akiinamia kioo, akipangusa jicho kwa kiganja, na kwa mkono mwingine akawaashiria warudi nyuma.

Wakarudi nyuma. Wakasogeleana. "Wifi, nisamehe," Pindo alisema, kwa sauti, kila neno limenyooka, pumzi imewekwa mahali pake kama enzi za mazoezi. "Niliogopa kumwona akifa. Niliogopa tu."

Tarumbeta aliyasikia maneno yale yale, na ya kwanza yakaharibika ndani ya masikio yake. Alitafuta tofauti, hakuipata. Akalia vizuri, pale alipotakiwa kulia. Kijana akashukuru.

Video ilipotoka watu walilia nchi nzima na nje yake. Waliandika kwamba huu ndio upendo, kwamba familia ni kitu cha thamani, kwamba nao watawapigia simu ndugu zao. Sabuni ilinunuliwa. Kinyozi aliwaonyesha wateja wake kwa fahari, akisema hao ni majirani zake, ingawa chumba kilikuwa kimefungwa na mwenye nyumba alikuwa ameshampangisha muuza vifuniko vya simu.

Siku chache baadaye Pindo alikwenda mtaa wa nyuma. Ilikuwa saa za mchana, watoto wanatoka shule. Hakubeba kitu, simu ameiacha nyumbani makusudi. Alisikia cherehani ikikanyagwa ndani, akagonga. Cherehani ikanyamaza.

Tarumbeta alifungua mlango nusu. Wakatazamana.

"Wifi, nimekuja kukwambia lile neno," Pindo alisema. "Lile la siku ile. Nataka ulisikie vizuri."

Tarumbeta alitazama mikono mitupu ya Pindo, akatazama mfuko wa gauni lake, kisha akanyoosha shingo juu ya bega la Pindo, akachunguza ukuta, dirisha la jirani, kona ya barabara.

"Niko peke yangu," Pindo alisema.

"Na hilo umeambiwa ulisemee wapi?" Tarumbeta aliuliza. "Hapa, au nikishakuruhusu kuingia?"

Pindo alifungua mdomo. Lolote ambalo angeweza kusema lilikuwa limeshasemwa mbele ya watu. Alisimama pale mpaka mlango ukarudishwa, taratibu, bila kubamizwa, na baada ya muda cherehani ikaanza tena.